Kanga wa Sista Gaudensia

Huyo kanga alianza kupiga kelele Jumapili saa tisa alasiri, na kufikia Jumatatu asubuhi mtaa mzima ulishajua analilia nini. Kanga hana siri. Ukimfungia chini ya tenga atawaita wapitao njia, walio ndani na waliolala. Na ua aliofungiwa huyu ulikuwa ua wa Eufrasia, mpika pito, ambako hata bila kanga watu hawakukosa la kusikiliza.

Pito ni pombe ya mtama, na pito ya Eufrasia ilikuwa na jina kuanzia mji wa Nandom mpaka mpakani. Lakini asikudanganye mtu, wengi hawakufuata pito. Walifuata maneno. Kwake ndiko ulikojua nani kauza fahali, nani kakimbiwa na mke, katekista gani kasinzia akiongoza rozari. Banda la nyasi, mabenchi manne, mitungi sita, vibuyu vya kunywea vimeinamishwa kwenye ungo, na mwenyewe katikati, mfupi, mnene, kilemba kimekaa upande, akimimina huku akijibu watu watatu kwa mpigo. Alikuwa mjane mwaka wa sita. Wanawe wawili wa kiume walikuwa Kumasi, mmoja akiziba matairi na mwenzake akisema anatafuta kazi. Aliyebaki nyumbani ni Domitila, binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye ulimi wa mama yake na mikono myepesi kumshinda. Hao wawili wakishika ua, mgeni alisahau kwao.

Wiki moja kabla ya hiyo Jumapili, wakichekecha kimea, Domitila alimwambia mama yake bila kumtazama kwamba kuna watu watakuja kuzungumza naye juu yake. Eufrasia hakuuliza ni akina nani. Mama mwenye heshima zake haulizi. Akiuliza ataonekana ana haraka ya kumwondoa mtoto. Alichofanya ni kuunganisha mambo kimoyomoyo. Kwa miaka miwili Domitila alikuwa haachi kupeleka machicha ya pito kwa masista, kulisha nguruwe wao, hata siku ambazo machicha hayajai ndoo. Na njiani kuelekea kwa masista pana karakana ya Severio, seremala, kijana mpole mwenye pikipiki yake mwenyewe. Eufrasia akaona kila kitu kimekaa mahali pake. Akapika mara mbili ya kawaida. Akamwita shemeji yake Ziem, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, aje aketi kama baba wa binti. Kisha akamnong'oneza jirani yake Felisita peke yake, ambayo ni njia nyingine ya kusema alilitangazia kanisa zima.

Jumapili hiyo iliangukia siku ya soko, hivyo ua ulijaa mpaka watu wakakalia vinu. Pikipiki iliposikika, Eufrasia alijifuta mikono na kunyoosha shingo amwone Severio. Walioshuka walikuwa masista wawili. Aliyekuwa akiendesha ni Sista Gaudensia, mwanamke wa mifupa mikubwa, mabuti ya shambani chini ya kanzu, kanga hai kaning'inia kwenye usukani miguu imefungwa. Eufrasia akafurahi zaidi. Ama kweli Severio ni mtoto wa kanisa, akawaza, katuma masista wawe washenga. Akampokea yule kanga kwa mikono miwili, akapiga kigelegele kifupi, akampa Domitila akamfunike chini ya tenga.

Hapo ndipo alipokosea. Katika ukoo ule, kanga wa posa haguswi mpaka jina la bwana limetajwa. Ukishampokea umeanza safari na lazima uimalize: mpaka siku ya soko inayofuata, yaani siku sita, ama umrudishe akiwa hai, maana yake hapana, ama umchinje, umpike, na upeleke paja lake kwa waliomleta, maana yake chukueni. Kukaa naye bila jibu ni aibu ya vizazi.

Mzee Ziem akakohoa, akaweka kibuyu chini. "Haya, Sista. Tumepokea. Bwana mwenyewe yuko nyuma, au pikipiki imemshinda?"

"Bwana mwenyewe mnamjua, mzee," akasema Sista Gaudensia. "Asubuhi yote mlikuwa nyumbani kwake mkimwimbia."

Felisita ndiye aliyeelewa kwanza. Akaziba mdomo kwa kiganja. Domitila alikuwa amesimama kando ya tenga, macho chini, na kanga akaanza kupiga kelele.

Sista Gaudensia akaeleza. Binti alikuwa ameomba kujiunga nao mara tatu. Mara mbili walimwambia arudi nyumbani akafikiri. Mara ya tatu wakaishiwa na visingizio. Kwa kawaida mzazi huandikiwa barua, lakini yeye Gaudensia alizaliwa katika ukoo ambao ni watani wa ukoo wa marehemu, na alikataa kuwaandikia barua watu wanaokula mbwa wa jirani kisha wakamsaidia jirani kumtafuta. Watu wa namna hiyo huendewa na kanga, ili waelewe.

"Mwizi wewe," Eufrasia akamwambia. Mtani hutukanwa, na kanzu haibadilishi utani. "Umejivika msalaba uje uniibie mchana kweupe?"

"Ningekuwa mwizi ningekuja na gunia, mtani. Nimekuja na kanga, na umempokea kwa mikono yako yote miwili. Mashahidi hawa hapa, wengine bado hawajalewa."

Watu walicheka mpaka benchi moja likainuka upande. Eufrasia naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuanza.

Masista walipoondoka, Ziem akasema kwamba yeye alikuja kupokea ng'ombe, si mafumbo, na kwamba aliyempokea kanga ndiye atakayejibu. Akainua kibuyu chake akanywa, kuonyesha kesi imefungwa.

Basi zikaanza siku sita ambazo pito iliuzika kama mkesha wa Krismasi. Kila aliyeingia alimchungulia kanga, kisha akatoa sababu yake iliyomvuta Domitila. Kuna aliyesema binti kaachwa na mwanamume wa mji wa Wa. Mwingine akasema ni woga wa kuzaa. Fundi baiskeli alisema ni chakula: masista wanakula mara tatu, na wana friji. Felisita alishikilia kwamba ni ile kanzu nyeupe, maana Domitila ana shingo ndefu na kanzu itamkaa, na wasichana wameshafuata mambo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hata Severio seremala alipita, akanywa kimyakimya, akasema yeye hakuwahi kuambiwa lolote, na akaonekana kama mtu aliyegundua siku moja kwamba alikuwa na mchumba, na siku hiyohiyo kwamba hana.

Eufrasia alimimina na kuwajibu wote. Alikuwa na utaratibu wake, kama wapika pito wote wanaojiheshimu: anayemimina hunywa kwanza funda moja mbele ya mgeni, ajulikane hana ubaya, ndipo ampe kibuyu. Wiki ile alikunywa mafunda mengi na hayakumchangamsha. Moyoni lilikuwapo jambo asilolisema, na hakulisema kwa sababu lilikuwa la kwake, si la Domitila. Aliogopa nyumba tupu. Aliogopa asubuhi za kupika, kabla wateja hawajaja, ambapo mtu huhitaji mwenzake wa kusengenya naye. Wana wa Kumasi walipiga simu wakiwa na shida. Domitila akitoka, ni nani wa kumwambia, "Umemwona Felisita na kile kilemba?" Zaidi ya hapo aliuogopa ukimya wa masista. Alikuwa amesikia kwamba kule watu hula bila kusema. Mtoto wake, ambaye alianza kuongea kabla ya kutambaa, wakamfungie midomo kama mtungi wa asali?

Jumanne, wakichuja, akamsimamisha.

"Kuna mtu alikuumiza?"

"Hakuna, Mama."

"Ni shule? Ukitaka shule nitauza mitungi yote, nitaanza upya."

"Siyo shule."

"Basi unaogopa leba."

Domitila akacheka. "Nimewashika watoto wa nusu ya mtaa huu wakiwa bado na utelezi. Niogope nini?"

"Basi sema ni nini."

Domitila akaendelea kukamua kitambaa cha kuchujia, muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Kila nikitaka kulisema, Mama, likitoka mdomoni linakuwa dogo kuliko lilivyo. Mimi napeleka machicha pale, nikishamwaga nakaa kidogo. Siku moja nikagundua nikikaa pale sitafuti sababu ya kuondoka. Ndiyo hivyo tu."

"Hata walevi wangu hawatafuti sababu ya kuondoka," Eufrasia akasema, "na sijawaita watakatifu."

Walicheka wote wawili, na jibu halikupatikana.

Jumatano kanga akataga. Jambo hilo likazua mjadala mpya. Kundi moja likasema kanga amekwisha kujibu mwenyewe: katulia, kazoea, kakubali kukaa, basi na binti akae. Kundi la pili likasema kinyume, kwamba ametoa mtoto, na mama naye atoe. Ziem akasema kuku anayetaga hachinjwi, awe kuku awe kanga, na huo ni uchumi, hauhusiani na dini. Eufrasia alilichukua yai likiwa na joto, akaliweka kwenye kibuyu chenye pumba, juu ya rafu.

Alhamisi, Domitila aliaga kwamba anakwenda kwenye mashine kusaga kimea. Alipopotea tu, Eufrasia akajaza machicha ndoo, akajitwika, akamwachia Felisita ua. Alitaka kuwashtukiza masista. Mtu anayetaka kujua nyumba ya watu haendi siku aliyoalikwa.

Aliyemkuta wa kwanza ni nguruwe. Alikuwa ametoka zizini na anapita katikati ya matuta ya karanga, na nyuma yake Sista Gaudensia, kanzu imefungwa kiunoni, mabuti yamejaa tope, akimwita kwa majina ambayo hayamo katika litania yoyote. Masista wengine wawili walisimama mlango wa jikoni wakimpa mwongozo usiosaidia. Mmoja alisema, "Mpite kulia," mwenzake akasema, "Mwache, amekuzoea, anadhani wewe ni ndugu." Eufrasia akasimama na ndoo yake kichwani. Alikuwa amejiandaa kuuchukia ukimya, na hakuuona popote.

Alikaribishwa barazani, ambako kikongwe mmoja alikuwa akimenya karanga kwa kupapasa. Huyo ni Sista Bibiana. Macho yalikuwa yamemwisha, ila masikio yalikuwa mazima kabisa, maana alimtambua Eufrasia kwa pumzi.

"Wewe ndiye wa kanga," akasema. "Kaa, unisaidie kumenya. Umekuja kutukagua."

"Nimeleta machicha, Sista."

"Machicha huletwa na Domitila. Mama huleta maswali."

Eufrasia akaketi, akamenya. Na kwa kuwa kikongwe hakuwa anamwona, maneno yalimtoka kuliko alivyokusudia. Aliuliza kile ambacho wanawake wote wa kule huuliza mioyoni mwao wakimwona sista: mwanamke asiyezaa, siku akifa, nani atamlilia? Nani atashika kamba ya msiba wanayofungwa wafiwa, nani atawaita wapiga marimba?

Sista Bibiana alifikiria, akatafuna karanga moja mbichi. "Wewe una wana wawili Kumasi. Ukifa leo, watafika lini?"

"Keshokutwa. Gari likiharibika, siku ya nne."

"Mimi nikifa leo, kabla sijapoa watakuwa kumi na moja juu yangu, na huyo Gaudensia atalia kwa sauti mbaya mpaka mji wa pili. Hofu yangu si kukosa wa kunililia. Hofu yangu ni uimbaji wao."

Eufrasia akacheka, kisha akauliza la pili, lile lililomleta. Ni nini huwavuta? Kila mtu kwake ana sababu, na kanga yuko chini ya tenga, na yeye mama hajui.

"Mimi nilivutwa na viatu," akasema Bibiana.

"Viatu?"

"Viatu. Nilikuwa msichana, kwetu hakuna aliyevaa viatu, wakapita masista wawili wamevaa vyeusi vya kufunga kamba. Nikasema, hivi ndivyo nitakavyovaa, na nikamsumbua baba mpaka akachoka. Huyo Gaudensia alitaka kuendesha pikipiki, kwao walimwambia mwanamke haendeshi. Yule wa jikoni alikuwa anamkimbia mjomba wake. Kila mmoja ana chake, na vingi ukivisikia utaona haya kwa niaba yetu."

"Kwa hiyo ni viatu."

"Viatu viliniuma wiki ya kwanza tu, nikavivua, nimevaa kandambili miaka sitini. Sikubaki kwa ajili ya viatu. Usimuulize mtoto amevutwa na nini, mama. Muulize kama viatu vikimbana atabaki. Na hilo hatalijua mpaka avivae. Ndiyo maana tuna miaka mingi ya kungoja kabla hatujamfungia mtu mlango, na mlango wenyewe ni wa mbao, hauna kufuli."

Kengele ikagonga saa sita mchana. Sista Gaudensia, aliyekuwa sasa amemshika nguruwe sikio, alimwachia katikati ya tusi, akanawa kwenye ndoo, akashusha kanzu, akaingia kanisa lao dogo pamoja na wenzake. Wawili wakaja kumwinua Bibiana, huku na huku, kama watu wanaobeba kitu wanachokipenda. Nguruwe akarudi zizini peke yake.

Eufrasia akawafuata mpaka mlangoni, kwa udaku tu. Waliimba kidogo, kwa lugha ya nyumbani, kisha wakanyamaza. Na hapo, benchi la mwisho, akamwona Domitila. Gunia la kimea lilikuwa sakafuni pembeni yake. Mashine ilikuwa njia nyingine kabisa.

Domitila hakuwa anafanya kitu. Hakupiga magoti, hakufumba macho. Aliketi mikono imelegea mapajani, shingo imelala upande, kama alivyokuwa akilala mgongoni mwa mama yake zamani, usingizi ule wa mtoto anayejua amebebwa. Eufrasia alingoja ageuke, akohoe, amnong'oneze aliye karibu. Hakugeuka. Binti yule, aliyekuwa hawezi kumaliza sala ya Nasadiki bila kumfinya jirani yake, alinyamaza kama maji ya mtungini.

Eufrasia akaondoka kwa ncha za vidole. Njia nzima hakumsalimu mtu, na watu watatu walikwenda kumuuliza Felisita kama mama yule anaumwa.

Ijumaa asubuhi, kabla ya wateja, Ziem alikuja kukalia kiti chake. Kanga alikuwa ametaga yai la tatu. Mzee akatazama rafu, akatazama tenga, akauliza kama shemeji yake ameshapata sababu ya maana, maana kesho ni soko.

Eufrasia alikuwa akikoroga chungu. "Shemeji, wewe ndiye uliyeongoza wazee waliokuja kuniposa. Baba aliniita mbele yenu akaniuliza kwa nini nimemtaka mdogo wako. Nilijibuje?"

"Unaniuliza mambo ya miaka thelathini."

"Wewe hujawahi kusahau deni la kibuyu kimoja, utasahau hilo?"

Ziem akajikuna ndevu. Kukumbuka kulikuwa kunamfurahisha, akajaribu kuficha. Alisema siku ile kulikuwa na mwanamume mwingine kutoka Lawra, mwenye ng'ombe saba na kofia ya kitambaa. Mdogo wake hakuwa na kitu, alikuwa mpiga marimba, na tena marimba yenyewe alikuwa akiyakosea. Eufrasia alimwona mara ya kwanza msibani akipotea mdundo mbele ya watu wote, akajicheka. Ukoo mzima wa binti ulikuwa unataka ng'ombe wa Lawra.

"Baba yako akakuuliza, kwa nini huyu? Ukasema, 'Ndiye.' Akauliza tena, ndiye kwa nini? Hukujibu. Ukakaa hapo umeshika mikono. Tukangoja. Ndipo baba yako akatugeukia akasema..." Mzee akasita.

"Alisemaje, shemeji?"

"Akasema, 'Mtoto huyu hajanyamaza tangu azaliwe. Akinyamaza, basi ni kweli. Leteni kanga wenu.'"

Chungu kikachemka na hakuna aliyekikoroga.

"Jana nilimwona mwanao amenyamaza," Eufrasia akasema.

"Lakini yule alikuwa mwanamume," Ziem akasema.

"Ndiyo. Na ng'ombe hakuwa nao."

Mzee akaomba kibuyu. Eufrasia akamimina, akanywa funda lake, na safari hii pito ilimshuka vizuri.

Jumamosi alimchinja kanga mwenyewe. Felisita alimwombea kanga msamaha mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu ya mayai, lakini Eufrasia alikuwa amekwisha kuyaweka yale matatu chini ya kuku wake mwekundu aliyekuwa anaatamia. Akampika kwa karanga na mafuta ya shea. Harufu ilipotoka, wateja wakanyamaza mmoja mmoja, maana kanga aliyekaa siku sita chini ya tenga akipikwa, hakuna wa kuuliza jibu ni lipi. Domitila alikuwa mtungini akiosha vibuyu. Alisimama na kibuyu kinachochuruzika maji mkononi, akaja akamshika mama yake mgongoni, uso begani kwake, na Eufrasia akaendelea kugeuza nyama.

"Chumvi imetosha?" akamuuliza, akimwinulia kijiko.

Domitila akaonja huku machozi yanamdondoka. "Imezidi, Mama."

"Hiyo ni ya kwako. Yangu ilikuwa sawa."

Akaweka paja kwenye bakuli jipya, akalifunika, akajitwika mtungi wa pito. Alitegemea kwenda na shemeji yake tu. Lakini siku ya soko ua ulikuwa umejaa, na nani abaki benchini ajute? Wakaondoka wote, Ziem mbele na fimbo, Felisita na kilemba kipya, fundi baiskeli, hata Severio, ambaye alibeba benchi kichwani ikitokea kwa masista hakuna viti. Walipofika, nyumba ile ya sala ikawa kama ua wa pito uliohamishwa. Masista wakatoka mmoja mmoja. Bibiana akaletwa kwenye kiti chake.

Eufrasia akampa Sista Gaudensia bakuli kwa mikono miwili. Lakini Sista alipotaka kulipokea, Eufrasia hakuliachia.

"Mtani, nina sharti."

"Nilijua. Watu wa mbwa hamkosi sharti."

"Mmemchukua mchukuzi wa machicha. Nguruwe wenu hawatafunga saumu, wala mimi sitabeba ndoo nikiwa mzee. Kila siku nikipika, mmoja wenu aje kuchukua. Na hachukui na kuondoka. Anakaa benchini, anakunywa kibuyu kimoja, ananipa habari za mwanangu na za nyumba hii yote, nani kagombana na nani. Kanuni yenu ikikataza, mrudishieni kanga manyoya yake."

Sista Gaudensia akamtazama mkubwa wao, sista mwembamba mwenye miwani ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno. Huyo akafikiri, akasema kanuni inaruhusu kuwatembelea wajane. Kuhusu kibuyu, kanuni haikutaja ukubwa.

Bakuli likaachiwa. Sista Gaudensia akanyoosha mkono apewe pito, naye Eufrasia akamimina, akainua kibuyu mbele ya wote, akanywa kwanza, funda refu la mtu asiye na ubaya, ndipo akampa.

Domitila aliondoka wiki ya nne kwenda mji wa mbali ambako masista hulea wanaojiunga, akiwa na sanduku moja lililotengenezwa na Severio, ambaye alisema akishindwa kumwoa angalau atamfungia mizigo. Gari lilipopinda, Eufrasia alirudi uani, akaketi kwenye benchi tupu na kungoja ule ukimya alioukimbia siku zote uje umkute. Asubuhi ilikuwa tulivu na mvua imetoka kunyesha. Akasikiliza.

Chini ya kuku mwekundu, kitu kikalia, kidogo, kwa hasira. Kikajibiwa na cha pili. Katika mayai matatu walianguliwa vifaranga wawili, na kufikia saa nne, kuku mwenyewe akiwa haelewi amezaa nini, walikuwa wanapiga kelele za kutosha ua mzima. Nje ya lango pikipiki ikazima, na sauti ya Sista Gaudensia ikauliza kama kuna watu humu, au wameliwa pamoja na mbwa.

"Ingia, mwizi," Eufrasia akasema, akiinuka kutafuta kibuyu. "Na ulete maneno, si mabuti tu."